"This", "that", "these", "those": maneno manne yanayoweza kukupa oda au kukuletea ugomvi na mteja

Umeposti picha ya blauzi tatu. Chini yake umeandika: "These are 15,000." Wewe unamaanisha kila moja elfu kumi na tano. Mteja anasoma kwamba zote tatu ni elfu kumi na tano. Anatuma hela, bodaboda anafika na blauzi moja, na hapo moto unawaka: "Dada, mbona moja? Si umeandika zote 15,000?" Ukirudi kusoma ulichoandika, unakuta mteja ana haki ya kuuliza.

Siku hizi ukiuza mtandaoni huchagui mteja wa lugha gani aje. Leo anakuja mtalii aliyeko Zanzibar anataka kanga, kesho mgeni anayeishi Masaki anataka viungo, keshokutwa wewe mwenyewe unachati na muuzaji wa jumla wa China kuhusu mzigo. Wote hao mnakutana kwenye Kiingereza, hata kama ni cha kuombea maji. Na kwenye biashara ya picha, maneno yanayotumika kuliko yote ni haya ya kuonyeshea: hii, hiyo, ile, hizi, hizo, zile.

Habari njema ni kwamba Kiingereza hapa ni chepesi kuliko Kiswahili. Sisi tuna huyu, hawa, huu, hii, hili, haya, hiki, hivi, hizi. Halafu huyo, hao, huo. Halafu yule, wale, ule. Ukihesabu zote unavuka 25. Wao wana nne tu. Ngeli hawana. Kwa hiyo kila ukitaka kuonyesha kitu, jiulize maswali mawili: Je, kiko karibu nami au mbali? Je, ni kimoja au vingi?

Kimoja, karibu: "this". Kimoja, mbali: "that". Vingi, karibu: "these". Vingi, mbali: "those". Ukitumia "this" au "that", endelea na "is". Ukitumia "these" au "those", endelea na "are".

Basi twende kwenye sehemu zinazotukwamisha sisi wauzaji.

1. Karibu na mbali kwenye simu

Kwenye duka la kawaida ni rahisi, unanyoosha kidole. Kwenye simu je? Kanuni ya kushika ni hii: bidhaa unayoiposti sasa hivi, iite "this" au "these". Ni yako, uko nayo mkononi, unamwonyesha mtu. "This bag is new." "These shoes are original." Ukiandika "That bag is new" chini ya picha yako mwenyewe, msomaji anajiuliza unaongelea mkoba gani, wa nani.

"That" na "those" zitumie kwa vitu vilivyoko upande wa pili: mzigo wa zamani ulioisha, bidhaa iliyoko kwenye picha aliyokutumia mteja, au kitu alichonacho yeye. Sentensi hii moja itakusaidia kila wiki: "Those are sold out. These are available." Yaani zile zimeisha, hizi ndizo zipo. Maneno machache, na mteja hajaondoka mikono mitupu.

Ukiwa laivu, fuata mkono wako. Umeshika gauni, sema "this dress". Yale yanayoning'inia ukutani nyuma yako ni "those dresses". Ukilishusha moja na kulishika, hapohapo linageuka "this".

Sasa, Kiswahili kina ngazi ya katikati ambayo Kiingereza hakina: hiyo, hicho, hizo. Kitu kilicho karibu na unayeongea naye, au ambacho mmeshakitaja. Kwa Kiingereza ngazi hiyo inaingia kwenye "that" na "those". "Hiyo unayoulizia imeisha" inakuwa "That one is sold out." Mteja akilalamika kwamba mzigo umechelewa, "Samahani kwa hilo" ni "I am sorry about that." Usiandike "sorry about this" wakati yeye ndiye ameleta tatizo mezani. Si dhambi, ila "that" inaonyesha umemsikia.

2. Moja au nyingi: ulizia neno la Kiingereza

Hapa ndipo wengi tunaanguka, na sababu yake inaeleweka. Tunahesabu kwa Kiswahili halafu tunaandika kwa Kiingereza. Lakini lugha hizi mbili hazihesabu vitu kwa namna moja.

Vipo vitu ambavyo kwetu ni kimoja, kwao ni vingi. Suruali hii ni "these trousers". Jinsi hii ni "these jeans". Kaptula hii ni "these shorts". Miwani hii ni "these glasses". Mkasi huu ni "these scissors". Hata kama ni kimoja tu mkononi, andika "these" na "are". Wao wanaona miguu miwili ya suruali, vioo viwili vya miwani, visu viwili vya mkasi. Ukitaka ieleweke kwamba ni moja, sema "this pair of jeans", na hapo "is" inarudi.

Vipo vilivyo kinyume: kwetu vinaonekana vingi, kwao havihesabiki, kwa hiyo vinachukua "this". Wauza vipodozi na vyakula, kaeni karibu hapa. Mafuta haya ni "this oil". Manukato haya ni "this perfume". Maziwa haya ni "this milk". Mahindi haya ni "this maize". Wauza nywele nao: nywele hizi ni "this hair", siyo "these hairs". Ukiandika "these hairs" mzungu anawaza nywele mbili tatu zilizodondoka kwenye sinki. Samani hizi ni "this furniture", hata ukiwa umejaza sebule nzima.

Lakini usiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu vingine vinalingana na vyetu. Maharage haya ni "these beans". Viungo hivi ni "these spices". Hereni hizi ni "these earrings". Mchele huu ni "this rice". Unga huu ni "this flour".

Neno la kuangalia kwa makini ni nguo. Wengi tunaandika "this cloth" tukimaanisha nguo hii. "Cloth" ni kitambaa, kile cha kwenda kushona. Mteja anayetafuta gauni anapita bila kuuliza. Nguo kwa jumla ni "these clothes", na neno hilo halina umoja. Kwa nguo moja, taja jina lake: "this dress", "this shirt", "this skirt".

Na kanga je? Sisi tunajua doti ni vipande viwili, hakuna haja ya kuelezana. Mgeni hajui. Ukimwandikia "this kanga" anaweza kudhani ananunua kipande kimoja. Ukimwandikia "these kangas" hajui ni ngapi. Mwandikie: "This pair of kangas is 15,000. Two pieces." Umeshamaliza mjadala kabla haujaanza.

3. Bei: usiiachie "these" kazi peke yake

Turudi kwenye swali la bei, maana hapa ndipo hela inapotea. "These" inasema ni vingi na viko hapa. Haisemi bei ni ya kimoja au ya vyote. Hilo ni lazima uliongeze wewe.

Bei ya kila kimoja: "These tops are 15,000 each." Neno "each" likae mwishoni, karibu na bei.

Bei ya vyote kwa pamoja: "These three tops are 40,000 together." Taja idadi, maliza na "together".

Bei ya pea: "These shoes are 35,000 a pair."

Bei ya seti: "This set is 60,000. Six cups, six plates." Seti ni moja, kwa hiyo "this" na "is", halafu orodhesha kilichomo.

Ukizoea kuongeza neno hilo moja la mwisho, hata ukikosea "this" na "these" mteja ataelewa. Ukiliacha, hata sarufi yako ikinyooka kama rula, bado mtagombana.

Kanuni hiihii ikulinde ukiwa wewe ndiye mnunuzi. Muuzaji wa jumla anakutumia picha moja yenye mikoba sita. Ukimjibu "I want this", hajui ni upi. Ukimjibu "I want these", anaweza kukuhesabia yote sita. Na kama anatumia programu ya kutafsiri, programu nayo itatafsiri kosa lako vilevile. Weka namba kwenye picha, halafu andika: "I want these two: number 3 and number 5. Ten pieces each." Mzigo ukifika tofauti, una ujumbe wa kuonyesha.

4. Mpangilio wa maneno

Kwa Kiswahili tunasema viatu hivi, na hivi viatu pia tunasema. Kwa Kiingereza neno la kuonyeshea linatangulia siku zote: "these shoes". Likifuatwa na idadi na rangi, foleni ni hii: neno la kuonyeshea, idadi, rangi, kitu. "These two black shoes." Ukiachia kitu bila kukitaja jina, weka "one" au "ones": "this black one", "those red ones".

Kosa jingine ni kuambatanisha hii na yangu. "This my product" haiendi. Chagua moja: "this product" au "my product". Vivyo hivyo "these our prices" inakuwa "these are our prices". Hiyo "are" ndiyo inayookoa sentensi.

5. Ukijibu mteja

Mteja akiuliza kwa "this", mara nyingi wewe unajibu kwa "it". Akiuliza kwa "these", unajibu kwa "they". Huna haja ya kurudia neno lake.

"Is this available?" Jibu: "Yes, it is."
"How much is this?" Jibu: "It is 25,000."
"Are these available?" Jibu: "Yes, they are."
"How much are these?" Jibu: "They are 10,000 each."

Kama posti yako ina picha nyingi na mteja ameandika "How much is this?", usikisie. Muulize: "Which one, please?" Afadhali sekunde kumi za kuuliza kuliko bei ya bidhaa nyingine.

6. Kwenye sauti na simu

Wengi tunatuma ujumbe wa sauti, kwa hiyo matamshi nayo ni biashara. Ile "th" ya mwanzo isikutishe, tunayo: ni "dh" ya dhahabu. Kwa hiyo ni "dhis", siyo "zis" wala "dis".

Ugumu uko kati ya "this" na "these". "This" ni fupi na inaishia na "s": dhis. "These" unaivuta na inaishia na "z": dhiiz. Usipoivuta, mteja anasikia kimoja badala ya vingi. Jizoeze ukiwa unapanga mzigo: dhis begi, dhiiz begi mbili. Utacheka, lakini litakaa mdomoni.

Ukipiga simu, usijitambulishe kwa "I am". Sema "Hello, this is" halafu jina lako au la biashara yako. Ndivyo wanavyofanya kwenye simu.

Za kunakili na kuweka kwenye simu yako

"This one is sold out, but that one is available." Huu umeisha, ule upo.
"These are new arrivals." Mzigo mpya huu.
"Is that all?" Ni hivyo tu, au kuna kingine?
"That will be 45,000." Jumla ni 45,000.
"This is the final price." Hii ndiyo bei ya mwisho.
"Please send me a photo of that." Naomba picha ya hicho ulichopokea.

Kazi ya leo ni ndogo. Fungua posti zako tano za mwisho zenye Kiingereza. Kwenye kila moja angalia vitu vitatu: "this" ina "is" na "these" ina "are"? Neno la Kiingereza la bidhaa hiyo ni la kimoja au la vingi? Na bei ina "each", "a pair" au "together"? Rekebisha palepale, maelezo ya chini ya picha yanaharirika.

Kama kuna bidhaa unauza na hujui iende na "this" au "these", iandike kwenye komenti, tuijibu hapahapa ili na wenzako wafaidike. Mtumie posti hii jirani yako anayeuza nywele. Yeye ndiye anaihitaji haraka zaidi.