Mstaafu, simu na daftari: nani anasoma hesabu zako?

Mstaafu anayeishi Olympic, Gatwekera au Kisumu Ndogo hakosi watu wanaojua pesa zake. Pensheni ikiingia, simu inalia mezani na kila aliye chumbani anaisikia. Wakala wa M-Pesa anajua ametoa ngapi. Mwenye duka ana daftari la madeni, limening'inia kwa kamba kando ya mikate, na jina la mzee limo. Mweka hazina wa chama anajua nani hajatoa. Mtoto anayeishi Kawangware, ng'ambo ya Barabara ya Ngong, hasahau kamwe tarehe ambayo babake hulipwa. Asiye na hesabu kamili, mara nyingi, ni mzee mwenyewe.

Mitaa hiyo mitatu imo wadi ya Sarang'ombe, Kibera, na Kibera yenyewe ilianza kwa swali la uzeeni. Wanubi waliotumikia jeshi la King's African Rifles walianza kuishi hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka wa 1918 serikali ya kikoloni ikaitangaza ardhi hiyo, zaidi ya ekari 4,000, kuwa hifadhi ya kijeshi. Askari aliyemaliza utumishi hakupewa pensheni ya kila mwezi. Aliruhusiwa kujenga na kulima. Karatasi aliyokabidhiwa iliitwa shamba pass, na haikuwa hati ya kumiliki chochote. Wajukuu walingoja hadi 2017 ndipo jamii ikapata hati ya pamoja ya ekari 288. Ukiwaambia wazee wa Kinubi wa Makina kwamba karatasi ni jambo dogo, watakucheka.

Wastaafu wa leo ni mchanganyiko. Kuna aliyekuwa mwalimu au karani wa serikali, akaondoka na miaka 60, na ana pensheni yake ya mwezi. Kuna aliyezeekea viwandani Industrial Area, akachukua pesa zake za NSSF kwa mkupuo, zikaishia kwenye mabati na karo. Kuna mama aliyeuza mboga maisha yake yote, ambaye kustaafu kwake ni magoti kukataa kubeba gunia, na sasa anategemea Sh2,000 za Inua Jamii, mpango wa serikali, kwa mwezi baada ya kutimiza miaka 70, kodi ya chumba kimoja, na chochote kinachotumwa na watoto. Wote watatu wana shida moja: kinachoingia hakibadiliki, kinachotoka hakitabiriki.

Chukua bima ya afya tu. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, asiye na mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Hiyo ni Sh3,600 kwa mpigo, katika nyumba ambako mafuta ya kupikia hununuliwa ya kupima na tokeni za stima za hamsini hamsini. Malipo ya mara moja kwa mwaka hayakai kichwani. Yanataka kuandikwa, na kugawanywa kwa 12, mapema.

Kati ya 2012 na 2013 watafiti waliofanya kazi na shirika la FSD Kenya walifuatilia familia zipatazo 300 zenye kipato kidogo katika sehemu tano za nchi, Nairobi ikiwemo. Kwa mwaka mzima walikuwa wakirudi nyumbani kwao kila baada ya majuma mawili hivi kuandika shilingi iliyoingia na iliyotoka. Ripoti yao iliitwa Shilingi kwa Shilingi. Ilionyesha kuwa nyumba yenye pesa kidogo haina hesabu ndogo: kuna chama, deni dukani, mkopo kwa jirani, akiba kwenye simu, mchango wa mazishi, na yote yanazunguka kwa wakati mmoja. Ndiyo maana apu nyingi za bajeti zinazosifiwa huko nje hazitufai. Zimeundwa kwa mtu mwenye mshahara mmoja na kadi moja ya benki. Uzikague kote, hutaona pa kuandika kwamba Mama Mboga anakudai mia na hamsini.

Halafu kuna simu yenyewe. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wengi waliiona kama njia ya kutuma pesa ushago tu. Lakini tazama ujumbe mmoja wa kutuma Sh500. Una msimbo wa herufi na tarakimu, kiasi, jina na nambari ya aliyepokea, tarehe, saa, salio lililobaki, na ada iliyokatwa. Hizo ndizo safu zote ambazo mhasibu angechora kwa rula. Mstaafu amekuwa akiandikiwa vitabu vyake kwa miaka, bure, na anavifuta kila simu inapojaa.

Asipovifuta, ataona mambo. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kutoa Sh500 kwa wakala kunakatwa Sh29. Kutoa Sh2,500 pia kunakatwa Sh29. Mzee anayetoa mia tano tano mara tano kwa sababu anaogopa kukaa na pesa nyingi nyumbani analipa Sh145 mahali ambapo angelipa 29. Kumtumia mjukuu Sh200 mara tano ni Sh35. Kumtumia elfu moja kwa mara moja ni Sh13. Kulipa dukani kwa nambari ya till hakumkati mnunuzi chochote. Fuliza, mkopo wa M-Pesa wa kuziba salio lisilotosha, iliyoingia Januari 2019, ina ada ya asilimia moja ya kuifungua na ada ya kila siku juu yake, kiasi ambacho hakiumi ukikitazama siku moja. Kijumlishe cha miezi mitatu uone. Sisemi mtu ajinyime. Mwenye hofu ya wezi ana sababu. Nasema ajue hofu hiyo inamgharimu ngapi kwa mwezi.

Hapa ndipo kijana wa nyumbani anapotokea na suluhisho: "Guka, kuna apu inasoma meseji zote za M-Pesa na kukupangia matumizi yako yenyewe, huandiki kitu." Ni kweli zipo, na zinafanya kazi. Google yenyewe, ilipobana apu zinazoomba kusoma jumbe za simu miaka ya 2018 na 2019, iliacha mlango kwa zile za kusimamia matumizi. Bado ningemshauri guka akatae.

Ruhusa ya kusoma jumbe haichagui ujumbe. Apu inayoona umelipa stima inaona pia neno la siri la muda lililotumwa na benki, ujumbe wa kliniki kuhusu tembe za presha, na majina kamili ya kila mtu uliyewahi kumtumia pesa, watu ambao hawakuulizwa. Kenya tuna historia hapa. Apu za mikopo zilizofurika nchini zilizoea kuchukua orodha ya majina yote kwenye simu, kisha mkopaji akichelewa, wanapigiwa shemeji, mchungaji na bosi wa zamani. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa saini Novemba 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, akaitoza faini ya Sh2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, baada ya watu kulalamikia vitisho na matumizi mabaya ya nambari zao. Mwaka huohuo Google ilizikataza apu za mikopo kugusa picha na majina yaliyo kwenye simu. Faini ni jambo jema. Ila mzee ambaye mchungaji wake ameshapigiwa simu hajarudishiwa kitu.

Basi achague nini? Kipimo changu cha kwanza hakihitaji ujuzi: zima data, weka simu kwenye hali ya ndege, kisha ufungue apu. Ikikuandikia mstari wa matumizi bila kulalamika, endelea. Ikidai barua pepe na nambari ya simu kabla hujaandika hata bei ya sukuma wiki, jiulize inazitakia nini.

Kwa simu janja, iliyo rahisi kuliko zote ni jedwali la kawaida, lolote linalohifadhi faili ndani ya simu. Safu tano zinatosha: tarehe, kitu, kiasi, njia, na "kwa nani". Tarehe 3, mitungi mitatu ya maji, 30, taslimu. Tarehe 3, tokeni, 100, M-Pesa. Tarehe 4, chama, 500, M-Pesa. Tarehe 4, ada, 7, M-Pesa. Ada iandikwe mstari wake, la sivyo itajificha. Ukimaliza mwezi, jumlisha safu moja tu. Mwalimu mstaafu aliyejaza rejista ya darasa kwa miaka 30 hatahitaji mafunzo.

Anayetaka kitu kilichokwisha kupangwa, kuna My Expenses, apu ya Android ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Haihitaji akaunti, inafungwa kwa neno la siri, na inakubali uwe na mifuko kadhaa: taslimu, M-Pesa, chama, benki. Mwenye kipakatalishi kilichoachwa na mtoto anaweza kuweka HomeBank, ambayo ni nyepesi na inafaa nyumba, au GnuCash, iliyoanza 1998. GnuCash inafuata uhasibu wa pande mbili, kila shilingi na ilikotoka na ilikokwenda. Karani wa zamani wa hazina ataipenda. Wengine wote itawachosha kwa juma moja. Zote mbili ni bure na faili linakaa kwako. Wapo pia wanaoandika hesabu kwa maandishi matupu na programu ya Ledger, ya tangu 2003, lakini hao hawahitaji makala hii.

Jambo la kuuliza kuhusu yoyote kati ya hizo ni kama utaweza kutoka na hesabu zako. Mint, apu ya bajeti ya Marekani, ilianza 2007, ikapata mamilioni ya watumiaji, na Machi 2024 wamiliki wake, Intuit, wakaifunga. Microsoft iliacha kuuza programu yake ya Money mwaka wa 2009. Ikiwa mashirika ya ukubwa huo yanafunga duka, apu ya kijana mmoja wa Ngong Road haina kinga. Tafuta kitufe cha kutoa faili la CSV, ambalo jedwali lolote hufungua, na ukijaribu siku ya kwanza, si siku ya msiba.

Kuna tundu moja ambalo hakuna apu itakayoliziba, nalo ni saiba. Taarifa kamili ya M-Pesa huja kama faili lililofungwa kwa msimbo, kupitia barua pepe. Mzee asiye na barua pepe hutumia ya karani wa saiba. Karani anaomba msimbo, anafungua, anachapisha, anapokea malipo ya kuchapisha, na faili linabaki kwenye kompyuta ambayo atakayefuata ataikalia. Humo mna miezi sita ya maisha ya mtu. Si lazima karani awe mbaya, ana foleni. Afadhali mjukuu amfungulie mzee barua pepe yake mwenyewe, na kama ni lazima saiba, mzee asiondoke kabla ya faili kufutwa machoni pake, hata kwenye pipa la taka la kompyuta.

Na mwenye kabambe, simu isiyo janja? Huyo hana haja ya kuona haya. Daftari la kurasa 96 halisomi jumbe za mtu, haliishiwi chaji, na linafanya kazi kunaponyesha stima zikipotea. Taarifa fupi ya M-Pesa anaipata kwa *334#. Udhaifu wa daftari ni mwingine: chumba cha futi kumi kwa kumi hakina mahali pa kulificha. Na hapa faragha haimhusu tena mfanyabiashara wa data. Ni mpwa anayesoma kuwa una akiba ya Sh8,000, kisha jioni anakuja na hadithi ndefu ya pikipiki. Wazee wengi niliozungumza nao hapa mtaani wanamwogopa huyo kuliko kampuni yoyote, na sidhani wamekosea. Kwao neno la siri kwenye apu lina maana moja tu, kumfungia jamaa nje kwa heshima bila kugombana naye.

Lakini usiri nao una kiwango. Mamlaka ya Mali Isiyodaiwa, UFAA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inashikilia mabilioni ya shilingi yaliyoachwa kwenye akaunti, hisa na simu, mengine ya watu waliokufa bila kumwambia mtu. Mume asiyetaka mkewe ajue lolote anaandalia serikali urithi. Mzee aandike kwenye karatasi moja majina tu ya mahali pesa zilipo: benki gani, chama gani, SACCO gani, laini ipi ya simu. Aongeze neno la siri la faili la hesabu. Aitie kwenye bahasha, aibandike, ampe mtu mmoja asiyekaa naye. Nambari ya siri ya M-Pesa isiwemo. Siku ikifika, warithi watakwenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu na cheti cha kifo na karatasi za urithi, na salio litatolewa huko, mbele ya dawati, kwa jina la anayestahili.