Kwa Nini Spika ya Gari Hukoroma?

Gari lipandalo kutoka Masasi kwenda Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hubeba vumbi jekundu hata ndani ya milango yake, na humo milangoni ndimo spika zinamofungwa. Sauti ikianza kukoroma, wengi hulaumu redio. Aghalabu redio haina kosa.

Ndani ya spika mna koili ya waya mwembamba, iliyogandishwa kwenye koni na kuning'inia katika mwanya finyu wa sumaku. Mkondo wa umeme ubadilikapo, koili huenda mbele na nyuma, nayo koni huitikisa hewa. Vumbi likiingia mwanyani, koili hukwaruza. Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani: spika ifunguliwe nyaya zake, koni isukumwe taratibu kwa vidole, mkwaruzo utasikika. Kisha iguswe kwa betri kavu ya volti 1.5, mara moja tu; isipotoa mlio wowote, koili imekatika.

Kosa la hatari zaidi ni kuongeza spika bila hesabu. Spika nyingi za magari zina ukinzani wa omu 4. Mbili zikiungwa sambamba, ukinzani huwa omu 2 na mkondo huongezeka maradufu kwa volti ileile, kwa kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827. Redio iliyoundwa kwa omu 4 hupata joto, pengine ikaungua. Wako wanaobadili fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya mnene. Huko ni kuukaribisha moto garini. Zikiungwa mfululizo, ukinzani huwa omu 8: sauti hupungua, lakini redio husalimika.