Mwamuzi na Kiti Chake

Kila padri anayekaa Kalima anaijua ile saa ya magharibi, wakati mtu anapofika barazani na karatasi mkononi, ameikunja mara ine. Ni hukumu. Ameshindwa katika kesi ya shamba, ao ya mali ya bibi, ao ya nyumba ya marehemu, na neno lake la kwanza ni hili: «Padri, yule mwamuzi amekula.»

Pengine ni kweli, amekula. Lakini kusema hivyo ni sawa na kusema mgonjwa ana homa: hatujaeleza bado homa imetoka wapi. Sisi tunaoulizwa shauri na wakristu lazima tujue zaidi. Hukumu ina mizizi miwili. Wa kwanza ni kiti: nani amempa mwamuzi kiti, na nani anaweza kumwondoa? Wa pili ni mtu mwenyewe: malezi yake, woga wake, mambo aliyoyaona nyumbani.

Tunaye mwamuzi mmoja ambaye tunamsoma kila Ijumaa Kuu. Pilato aliona wazi kwamba Yezu hana kosa, akalisema mbele ya watu wote. Kisha wakamtajia urafiki wa Kaisari. Mtakatifu Yohana anaeleza kwamba hapo ndipo alipoketi juu ya kiti cha hukumu. Kiti kile alikipata kwa Kaisari, na Kaisari angeweza kukitwaa tena. Mwingine katika kiti kile kile angefanya vile vile? Hapo ndipo mzizi wa pili unapoonekana.

Tuangalie sasa kwetu. Mbele ya Bulamatari kufika katika inchi hii ya Pangi, Warega hawakuwa na sultani mmoja wa kuwaamuru wote. Magomvi yaliamuliwa na wazee wa ukoo, na yalipokuwa makubwa waliingia wazee wa bwami, zaidi wale wa cheo cha kindi, kilicho juu ya vyote. Mtu hakufika kindi kwa siku moja. Alipanda kwa miaka mingi, jamaa zake wakimsaidia kutoa mali, na katika kila hatua walimtazama kama ni mpole, kama anajua kunyamaza, kama anakimbia ugomvi. Wema wa namna ile waliuita busoga. Hatusemi kwamba wazee wale hawakukosea, wala kwamba mali haikuwa na nguvu kati yao. Tunasema kwamba tabia ya mtu ilipimwa kwanza, kisha neno lake likapata uzito. Na hakuna mkubwa wa mbali aliyeweza kumwondoa kwa barua.

Dekreti ya 15 Aprili 1926 ilipanga tribunali za wenyeji, na ile ya 5 Desemba 1933 ikapanga sheferi na sekta. Chefu akawa mwamuzi. Lakini chefu yule yule alikusanya lampo, alitoa watu wa kazi ya barabara, na wakati Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932, ilipochimba kasiteriti hapa Kalima, wakubwa walimtazama yeye pia juu ya wafanyakazi. Administrateri alimsimamia katika hayo yote. Tena huyo Administrateri ndiye aliyekuwa mkubwa wa tribunali ya teritware, iliyoweza kugeuza hukumu za chefu. Basi mtu aliyekataa kazi ya barabara alihukumiwa na nani? Na yule aliyekatazwa kurudi mikono mitupu kwa Administrateri. Chefu mwema alipatikana, tena wengi. Lakini wema ulimgharimu. Mwaka 1948 Serikali ikakataza bwami kabisa, na wazee waliopimwa kwa busoga wakabaki kusema kwa siri.

Baada ya uhuru, sheria ya 10 Julai 1968 ilitaka tribunali za amani, zenye waamuzi waliosoma sheria, zichukue nafasi ya tribunali za kienyeji. Kazi ilikwenda polepole sana, hata sheria ya 11 Aprili 2013 ikaacha zile za kienyeji ziendelee pahali ambapo tribunali ya amani haijafika bado.

Waamuzi waliosoma nao hawakukaa salama. Mwaka 1974 Katiba iligeuzwa, na uwezo wa kuhukumu ukafanywa kiungo kimoja cha chama cha MPR. Tarehe 6 Novemba 1998 dekreti moja iliwafukuza waamuzi na maprokureri 315 pamoja. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema vizuri kwamba mwamuzi yuko chini ya sheria tu. Lakini mtu aliyewaona wenzake 315 wakifukuzwa kwa karatasi moja hasahau upesi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitokea Lubumbashi. Tarehe 22 Juni 2016 tribunali ya amani ilimhukumu Bwana Moïse Katumbi miaka mitatu ya kifungo juu ya kesi ya nyumba, hali yeye hakuwapo. Wakati ule alikuwa ametangaza kwamba anataka kuwa Prezidenti. Muda mfupi baadaye Mama Chantal Ramazani Wazuri, mkubwa wa tribunali ile, aliandika barua kwamba alilazimishwa kutia sinyatire. Kisha akakimbia inchi. Serikali ilikana. Katika tribunali ya juu yake alikuwako mwamuzi Jacques Mbuyi Lukasu. Julai 2017 watu wenye silaha waliingia usiku nyumbani kwake wakampiga risasi. Akapona, akapelekwa nje kutibiwa. Wengi walisema ni kwa sababu alikataa kuhukumu kama alivyotakiwa. Halafu Januari 2019 Prezidenti mwingine akaingia, na Aprili mwaka ule ule Korti ya Kasasio ikaifuta hukumu ya mwaka 2016. Nyumba haikubadilika, hati hazikubadilika. Kilichobadilika ni hali ya hewa kule Kinshasa.

Hapo kiti kinaonekana wazi. Lakini tusiseme kwamba kiti ni yote. Mama Ramazani alitia sinyatire, kisha akasema, akipoteza kazi na inchi. Wangapi wametia na kunyamaza? Jirani zetu wa Kenya nao: tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Prezidenti, waamuzi wane wakikubali na wawili wakikataa. Wote sita walikuwa chini ya Katiba moja, walisoma karatasi zile zile. Wiki saba baadaye dereva wa makamu wa mkubwa wao alipigwa risasi, na kesho yake, kwenye kesi nyingine juu ya uchaguzi wa pili, walifika wawili tu, hali walitakiwa watano.

Tena kuna mambo madogo ya nyumbani. Katika Marekani wachunguzi wawili walisoma hukumu nyingi za korti kubwa, wakatangaza mwaka 2015 kwamba waamuzi wenye mabinti walielekea zaidi kuwasikiliza wanawake katika kesi zinazowahusu kuliko wale wenye wana wa kiume tu. Hakuna aliyewapa rushwa. Ni maneno ya mezani tu, miaka mingi. Tufikiri sasa juu ya mjane wa hapa kwetu. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inamtambua kuwa mriti pamoja na wengine. Lakini mwamuzi aliyelelewa katika nyumba ambamo kaka za marehemu walichukua vyote, hata sufuria, atamsikia kweli?

Kanisa pia linajua udhaifu huu, hata katika tribunali zake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamkataza mwamuzi kuingia katika kesi ya jamaa yake (kanuni 1448) na kupokea zawadi yo yote (kanuni 1456). Juu ya kiti, inaagiza apewe muda uliowekwa, asiondolewe pasipo sababu ya haki na nzito (kanuni 1422). Kesi ya ndoa kuvunjwa inapewa kwa kawaida waamuzi watatu, si mmoja.

Wakatekista wetu, nanyi mnakaa kitini kila juma, hata kama hakuna bendera juu ya nyumba. Mnaitwa kuamua magomvi ya kijiji, na kijiji kile ndicho kinachowalisha. Mkatekista mmoja mzee alitushangaza: kesi ya mtu aliyemlimia shamba alikuwa akiipeleka kwa mwenzake wa kijiji cha pili, naye akapokea za mwenzake. Hakuna aliyemfundisha.

Na yule wa saa ya magharibi? Mbele ya kubishana naye juu ya kula, tumwulize hukumu yake ilisomwa ao ililetwa kwake siku gani. Katika kesi ya mali ana siku 30 za kukata rufaa tangu kuletewa karatasi. Katika kesi ya kosa, siku 10 tu. Toka Kalima mpaka Kindu ni karibu kilomita 100, na mvua haingoji.