Kizunguzungu cha kitandani: mto uwe chini ya mabega

Hapa kwetu Nyalukemba, mtu akigeuka kitandani alfajiri na chumba kikaanza kuzunguka, nyumba nzima husema ni tension, yaani presha, au ni malaria. Wapo wanaokimbilia kwinini bila kupima damu, na kwinini yenyewe huweza kuleta kizunguzungu na kufanya masikio yalie. Lakini kizunguzungu kinachokuja ukigeuka, ukilala chali au ukiinua uso kutazama juu, kisha kikapoa kabla ya dakika moja kwisha, mara nyingi kinatoka sikio la ndani.

Humo mna chembe za chokaa zinazotusaidia kujua kichwa kimeelekea wapi. Zikibanduka, huingia katika mmoja wa mifereji mitatu ya sikio, aghalabu ule wa nyuma. Kichwa kikigeuka, zinavuta majimaji ya mfereji, na ubongo unaamini mwili unazunguka. Hakuna kidonge kinachozitoa. Hutoka kwa uzito wao wenyewe, kichwa kikipitishwa mkao baada ya mkao kwa mpangilio alioutangaza daktari John Epley wa Portland, Marekani, mwaka 1992.

Mgonjwa anaweza kujifanyia nyumbani, mradi asikosee. Mwaka 2004, Andrea Radtke na wenzake wa Berlin walilinganisha njia mbili za kujitibu. Baada ya wiki moja, kizunguzungu kilikuwa kimewaisha asilimia 95 ya waliofuata njia ya Epley, na asilimia 58 tu ya waliofuata ya Semont, ambayo humtaka mtu ajirushe kwa kasi toka ubavu mmoja hadi wa pili. Waliopata shida na Semont walielekea kuwa wale walioikosea. Kwa hiyo mimi naipendelea ya Epley kwa mtu aliye nyumbani: inasamehe zaidi.

Hata hivyo haisamehe yote. Kosa ninaloliona sana ni mto. Watu huuweka chini ya kichwa, kama wanavyolala kila siku, na kidevu kinakaribia kifua. Mto unatakiwa chini ya mabega, ili kichwa kining'inie nyuma kidogo na kisogo kiguse godoro. Bila hivyo chembe hazisogei inavyopasa.

Kosa la pili ni sikio. Sikio bovu ni lile ambalo, ukilala limeelekea chini, kizunguzungu kinakuja. Jihadhari na video za simu: anayekutazama usoni, kulia kwake ni kushoto kwako, na ukimwiga kama kioo utatibu sikio zima.

Tuseme bovu ni la kulia. Keti kitandani, geuza kichwa kulia nyuzi 45, yaani katikati ya mbele na bega. Lala chali haraka, mto ukipokea mabega. Kizunguzungu kitakuja, vumilia, macho wazi, hesabu polepole hadi 30, na kama bado hakijaisha endelea kungoja. Sasa geuza kichwa kushoto nyuzi 90 bila kukiinua. Hapa ndipo wengi huharibu: wanakinyanyua ili wageuke vizuri, na chembe zinarudi zilikotoka. Hesabu tena 30. Lalia ubavu wa kushoto huku kichwa kikiendelea kugeuka hadi uso utazame godoro. Hesabu 30, kisha keti kwa upande huohuo wa kushoto.

Rudia mara tatu kwa siku hadi upitishe saa 24 bila kizunguzungu. Mara ya kwanza mtu awe kando yako, na ikiwezekana awe mtaalamu wa kukuangalia pembe zako. Siku kadhaa zikipita bila nafuu, nenda upimwe: huenda ni sikio la pili au mfereji mwingine, na huo una mikao yake.

Mwenye shingo iliyoumia asijaribu bila daktari. Ulimi ukiwa mzito, mkono ukilegea, vitu vikionekana viwili viwili, sikio likiziba ghafla, au mtu akishindwa kusimama, achaneni na mikao. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.