KUMSIKILIZA DADA MDOGO SI KUNYAMAZA TU

Siku hizi katika shule nyingi wasichana wa madarasa ya juu huombwa wawe walezi wa wenzao wa chini. Jambo hili ni zuri sana. Lakini wengi wetu tukishapewa kazi hii tunageuka kuwa wahubiri. Msichana hajamaliza sentensi mbili, tayari ashapewa mawaidha mpaka anajuta kwa nini alifungua mdomo.

Kusikiliza kwa makini ni ufundi ambao mtu hujifunza. Mnamo mwaka wa 1957 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Carl Rogers na Richard Farson, waliandika kijitabu juu yake. Walieleza kwamba msikilizaji huyatega masikio kwa maneno pamoja na hisia zilizo nyuma ya maneno hayo, tena hana haraka ya kuhukumu wala kushauri.

Hebu tutazame mfano. Msichana wa shule ya kutwa anakuambia, "Mimi sitakuja tena masomo ya alfajiri." Ukimjibu, "Wewe ni mvivu tu, utaanguka mtihani," mazungumzo yamekufa papo hapo. Lakini ukisema, "Kumbe! Kuna jambo linakusumbua asubuhi?" kisha ungoje, huenda akakueleza kuwa njiani kuna giza, na kuna mwenye bodaboda ambaye humfuata kila siku akimwahidi pesa. Unaona? Uvivu haukuwepo hata kidogo.

Hapo kwenye kungoja ndipo penye kazi. Kimya cha nusu dakika huwa kirefu kama mwaka, na mtu hutaka kukijaza kwa maneno yoyote yale. Mwache, anatafuta pa kuanzia. Usitazame saa, usichezee kalamu, wala usimwite rafiki yako anayepita. Akimaliza, mrudishie alichosema kwa maneno yako: "Yaani unaogopa kumwambia mama kwa sababu atakutoa shule?" Kama hukumwelewa, atakurekebisha mwenyewe. Maswali ya "kwa nini" yapunguze, maana yanafanana na ya polisi.

Na siri je? Ukweli ni kwamba sisi wanafunzi tunapenda umbea, na siri ya mtu huweza kufika kwenye mfereji wa maji kabla ya kengele ya mapumziko. Itunze. Hata hivyo usimwahidi ati hutamwambia mtu yeyote kamwe. Ikiwa anapigwa, anashikwashikwa ama anataka kujidhuru, hilo ni jambo la mwalimu wa ushauri nasaha au mtu mzima mwingine anayemwamini. Mwambie hivyo mapema, kisha mwende pamoja. Hapa Kenya iko pia nambari 116 ya kuwasaidia watoto, nayo hupigwa bila malipo. Kama ni mimba, ajue kwamba tangu mwaka wa 1994 sera ya serikali inamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Haya yote mweleze akishamaliza kusema, si kabla.