Madini ya Risasi katika Karakana ya Nyumbani: Hatari kwa Mlenga Shabaha na kwa Watoto Wake

Neno risasi lina maana mbili katika Kiswahili: metali nzito, laini, yenye rangi ya kijivu, na kitu kirushwacho na bunduki. Uhusiano huo una msingi, kwa kuwa kwa karne nyingi cha pili kimetengenezwa kwa cha kwanza. Katika makala hii, ili kuepusha utata, metali itaitwa madini ya risasi, na kile kinachoruka kutoka mtutuni kitaitwa kichwa cha risasi.

Nchini Marekani, sheria ya shirikisho humruhusu raia kujitengenezea risasi kwa matumizi yake mwenyewe bila leseni ya kiwanda. Walenga shabaha wengi wa bastola hufanya hivyo katika gereji, ghala la nyumba au hata meza ya jikoni. Sababu zao ni mbili. Kwanza ni gharama: ganda la shaba ndiyo sehemu ya bei kubwa, nalo hutumika tena mara nyingi. Pili ni usahihi: anayepima mwenyewe kila kipimo hupata risasi zinazofanana, na shabaha yake hutulia.

Kazi yenyewe hufuata hatua zinazojulikana. Maganda matupu huokotwa uwanjani na kusafishwa. Fataki iliyokwisha kulipuka hung'olewa kitakoni mwa ganda, kisha ganda hurudishwa katika umbo lake kwa mashine ya mkono. Fataki mpya hupachikwa, baruti hupimwa na kumiminwa, na mwishoni kichwa hushindiliwa mdomoni mwa ganda. Baadhi ya watu huenda mbali zaidi: huyeyusha mabaki ya madini ya risasi na kujisubia vichwa vyao.

Mtu wa kazi hii huiogopa baruti, na ana haki, kwani ikizidi kipimo yaweza kuipasua bastola mkononi. Kwa hiyo hupima kwa mizani nyeti na kukagua mara mbili. Lakini mezani hapo hapo ipo hatari nyingine isiyo na mlio, wala moto, wala harufu ya kumshtua.

Madini hutoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni fataki. Fataki nyingi za kawaida huwa na stifineti, ambayo ni chumvi ya madini ya risasi. Inapolipuka huacha vumbi laini mno ndani ya ganda, mikononi na nguoni mwa mpigaji.

Chanzo cha pili ni usafishaji. Maganda huzungushwa katika chombo chenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa, na masalia ya fataki huhamia humo. Chombo kinapofunguliwa na maganda kuchekechwa, vumbi hupanda hewani.

Chanzo cha tatu ni kuyeyusha. Madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Wengi hudhani mvuke ndio adui pekee. Kwa kweli, joto likidhibitiwa mvuke huwa mdogo, ingawa huongezeka chungu kinapochemshwa kupita kiasi. Takataka ya kijivu inayoelea juu ya chungu haipewi uzito unaostahili: ikienguliwa na kupoa huwa unga, na unga huo husambaa kwa urahisi.

Chanzo cha nne ni mikono. Anayeshika mamia ya vichwa visivyofunikwa, kisha akawasha sigara au kumega mkate kabla ya kunawa, humeza alichokishika.

Madini yakishaingia mwilini

Mtu mzima hufyonza takriban sehemu moja ya kumi ya madini anayoyameza. Mtoto mdogo aweza kufyonza hadi nusu. Vumbi laini livutwalo mapafuni hufyonzwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwili hauna matumizi yoyote ya madini haya, lakini huyapokea kwa kuyadhania kuwa kalsiamu. Hivyo huingia katika seli za neva na kuvuruga upelekaji wa taarifa, huzuia vimeng'enya vinavyojenga rangi nyekundu ya damu, hudhuru figo, hupandisha shinikizo la damu, na hupunguza ubora wa mbegu za kiume.

Katika damu, kiasi cha madini hupungua kwa nusu kwa muda wa mwezi mmoja hivi chanzo kikiondolewa. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya madini yaliyomo mwilini mwa mtu mzima huwa mifupani, na humo hukaa miongo kadhaa. Wakati wa ujauzito na unyonyeshaji, mifupa inapotoa kalsiamu, hutoa na madini hayo, yakamfikia mtoto ambaye hakuwahi kukanyaga uwanja wa shabaha.

Dalili ni za kuhadaa: uchovu, maumivu ya kichwa, hasira za ghafla, tumbo kusokota, kufunga choo, ganzi. Wengi hawana dalili yoyote, wala mtoto anayepungukiwa na uwezo wa kujifunza halalamiki popote.

Mzigo huletwa nyumbani

Mtoto hahitaji kugusa risasi. Vumbi humfuata kwa viatu vya baba, kwa zulia, kwa kiti cha gari, kwa nguo zilizofuliwa pamoja na zake. Yeye hutambaa sakafuni na kutia vidole kinywani. Kinachotisha katika karakana ya nyumbani ni kwamba anayepata starehe si lazima awe ndiye anayelipa zaidi.

Kipimo cha kuaminika ni cha damu itolewayo mshipani. Tone la kidoleni laweza kuchafuliwa na vumbi lililo juu ya ngozi. Tangu mwaka 2021, nchini Marekani mtoto mwenye mikrogramu 3.5 au zaidi kwa desilita ya damu huhesabiwa kuwa amezidi kiwango cha rejea. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka huo huo, lilishauri kuwa mikrogramu 5 zatosha kuanza kukitafuta na kukiondoa chanzo. Hakuna kati ya viwango hivyo kinachomaanisha usalama, kwani kiwango salama hakijulikani. Dawa za kunasa metali hutumika kwa watoto walio na mikrogramu 45 au zaidi, na hazirudishi akili iliyokwisha kudhurika. Kinga ndiyo tiba yenye nguvu.

Hatua za kujikinga

Karakana itengwe na jiko na mahali pa kulala, na watoto wasiingie. Maganda yasafishwe kwa maji badala ya ukavu. Kuyeyusha kufanyike nje au penye hewa ya kutosha, na takataka ya chungu ifunikwe ingali haijatimuliwa. Sakafu isifagiliwe kwa ufagio mkavu, ipigwe deki. Nguo na viatu vya kazi vibaki pale pale na kufuliwa peke yake. Mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kula, kunywa au kuvuta. Zipo fataki zisizo na madini ya risasi, na vichwa vilivyofunikwa kwa shaba. Vyote viwili hupunguza mzigo. Anayeendelea na kazi hii apimwe damu kila mwaka.

Kwetu Afrika Mashariki, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na wachache watakutana na mgonjwa wa namna hiyo. Hata hivyo madini ni yale yale kwa mvuvi anayeyasubu kuwa chubwi za mishipi, na kwa fundi anayevunja betri chakavu uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri hadi kilipofungwa mwaka 2014, na watoto wao wanaujua mzigo huu. Kwa hiyo tabibu anayepokea mtu mwenye upungufu wa damu usioeleweka, au tumbo lisiloisha kuuma, asiishie kumuuliza kazi ya mchana. Amuulize pia anachokifanya kwa mikono yake jioni, na ni nani mwingine aliye chini ya paa lile.