Chenza lisilo na mbegu, na nyuki asiyetakiwa

Msimu wa baridi unapoingia, maduka ya Richmond Hill, mji ulio kaskazini mwa Toronto nchini Canada, huuza machenza ya aina ya Clementine kutoka Morocco. Mnunuzi aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, akazoea kutema mbegu, hushangaa kumaliza tunda zima bila kukutana na hata moja.

Chanzo ni tabia ya mti wenyewe. Clementine, iliyogunduliwa huko Misserghin, Algeria, mwishoni mwa karne ya 19, huikataa chavua yake. Chavua ikitua juu ya ua, mrija wake huanza kuota, lakini huzuiwa kabla ya kulifikia yai. Hata hivyo, tunda laweza kukua bila kurutubishwa.

Kwa kuwa miti ya Clementine huzalishwa kwa kubebesha vikonyo, shamba zima ni sawa na mti mmoja. Hapo ndipo nyuki anapogeuka mgeni asiyetakiwa: akileta chavua ya aina nyingine ya chenza, mbegu hutungwa na bei ya tunda hushuka. Katika miaka ya 2000, jambo hilo liliwagonganisha wakulima na wafugaji nyuki wa California, Marekani. Wakulima wengine hufunika miti kwa nyavu inapochanua.

Njia ya pili ni ya kromosomu. Jamii ya michungwa kwa kawaida ina seti mbili za kromosomu 9, yaani 18. Mti wa seti nne ukichanganywa na wa seti mbili, mche hupata seti tatu, ambazo haziwezi kugawanyika sawasawa. Mti huo huwa karibu tasa, nyuki awepo asiwepo. Ndimu ya Tahiti ni mfano wake.

Lakini kuupata mche huo si rahisi. Katika mbegu ya kawaida, kiinitete kina seti mbili na akiba yake ya chakula ina seti tatu. Mama akiwa na seti nne na baba mbili, hesabu huwa tatu kwa tano, uwiano unaokaribia ule wa kawaida, na mbegu nyingi hukomaa. Baba akiwa ndiye mwenye seti nne, huwa tatu kwa nne. Akiba hudhoofika, na mara nyingi wataalamu hulazimika kukiokoa kiinitete na kukilea maabara.

Kwa maeneo kama Muheza, mkoani Tanga, ambako wakulima wadogo hutegemea matunda ya jamii hii, somo liko wazi. Mashamba yakipakana, nyuki hajui mpaka. Aina ya seti tatu ndiyo iliyo salama zaidi. Hata hivyo, tunda lisilo na mbegu halimwachii mkulima cha kupanda. Atakayemiliki kitalu cha miche ndiye atakayeshika ufunguo wa shamba.